Maduka Mengi, Bomba Moja



Siku hizi ukitembea katika mitaa ya Umoja, Lang'ata, Nyali au Kisauni, hukosi kukutana na vijana wenye fulana za rangi kali na vikaratasi mkononi, wakiuza intaneti ya nyumbani. Huyu anakuahidi megabiti 15 kwa sekunde, mwenzake anakuahidi 20, na wa tatu anakwambia kwamba kifaa utafungiwa bure iwapo utalipa leo hii hii. Wenye maduka, wenye shule ndogo ndogo na wenye ofisi za watu wawili watatu huniuliza swali lile lile kila wanionapo: bwana mtangazaji, nichukue kampuni ipi?

Mimi si fundi wa mitambo. Nilisomea uandishi wa habari, tena diploma tu, na kazi niliyofunzwa ni kuuliza. Kwa hiyo swali hilo nitalijibu kwa njia ninayoijua, nayo ni kutazama tulikotoka. Kwani kwa miaka mingi hapa Kenya tulikuwa na wauzaji wa intaneti wengi, kila mmoja na tangazo lake gazetini, nasi tukawa tunalinganisha bei zao kama mtu anayelinganisha nyanya sokoni. Wachache sana miongoni mwetu walijua kwamba wauzaji wote hao walikuwa wakiteka maji katika bomba moja.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 22 Januari mwaka 1879, majeshi ya Wazulu yaliwashinda Waingereza vibaya sana mahali paitwapo Isandlwana, huko Afrika Kusini. Habari za maafa hayo zilifika London tarehe 11 Februari, yaani siku 20 baadaye, kwa sababu hapakuwa na waya wa telegrafu uliounganisha kusini mwa Afrika na Ulaya. Serikali ya Uingereza ilishtuka. Kabla ya mwaka huo kwisha, kampuni za tajiri mmoja aitwaye John Pender zilikuwa zimetandaza waya chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha Msumbiji, hadi Durban. Huo ndio uliokuwa waya wa kwanza wa mawasiliano kufika pwani yetu, zama za Sultani Barghash. Mombasa iliunganishwa na Zanzibar mwaka 1890.

Waya huo haukuletwa kwa ajili ya mfanyabiashara wa karafuu, ingawa naye aliutumia. Uliletwa kwa sababu ya vita na utawala. Na aliyetaka kupeleka ujumbe Ulaya hakuwa na la kuchagua: njia ilikuwa moja, mwenye njia alikuwa mmoja, na bei alipanga yeye. Msikilizaji akifika Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika mtaa wa Shangani, ataiona hoteli ya Serena. Sehemu ya jengo hilo ndiko zilikokuwa ofisi za mawasiliano ya ng'ambo. Watalii wanakunywa chai pale bila habari.

Mambo hayo ya njia moja na mwenye njia mmoja hayakuondoka na Mwingereza. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nalo, na Kenya ikaunda shirika lake, KPTC. Mawasiliano ya ng'ambo yalipitia katika kituo cha setilaiti cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970. Kampuni iliyoyashughulikia iliunganishwa na KPTC mwaka 1982, hivyo shirika likashika simu za ndani na za nje kwa pamoja. Wazee wanakumbuka jinsi mtu alivyoomba simu ya nyumbani na kungoja miaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika yasiyo ya serikali na madaktari kadhaa wa Nairobi walianza kupelekeana barua kwa kompyuta. Haikuwa intaneti tuijuayo leo. Kompyuta moja ilikusanya barua mchana kutwa, kisha ikaipigia simu kompyuta nyingine na kuzimwaga zote kwa mkupuo mmoja. Ulikuwa ustadi mkubwa wa kubana matumizi, na sina hakika kama vijana wetu wa leo wanaolalamika video ikikwama sekunde tatu wangeuvumilia hata siku moja.

Intaneti yenyewe ilifunguliwa kwa umma mwaka 1995. Miongoni mwa waliotangulia ni kituo cha ARCC, kilichoanzishwa na Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta ambaye baadaye aliingia Bunge, na kampuni ya Form-Net. Aidha palikuwa na Africa Online. Hiyo ilibuniwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliosomea jimbo la Massachusetts, Marekani: Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno. Walianza kwa kuwapelekea Wakenya wa ng'ambo habari za nyumbani, kisha wakaleta huduma hiyo Nairobi na kuieneza katika nchi nyingine za Afrika. Kampuni yao ilinunuliwa na Wamarekani. Mwaka 2000 ikanunuliwa na African Lakes, kampuni ya Uskochi iliyoanzishwa katika miaka ya 1870 kuwapelekea bidhaa wamishenari wa Ziwa Nyasa. Mwaka 2007 ikaenda kwa Telkom ya Afrika Kusini. Nayataja haya kwa sababu mteja aliyetia sahihi mkataba na vijana watatu wa Kenya alijikuta, bila kuulizwa, mteja wa watu wengine kabisa. Jambo hilo limetokea mara nyingi baadaye. AccessKenya, iliyouza hisa zake kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2007, ilinunuliwa na Dimension Data mwaka 2013, na jina likabadilishwa.

Sasa mtu wa mwaka 1997 alichaguaje? Alikuwa na kompyuta, modemu na simu ya mezani. Modemu ililia na kukwaruza, na ikibahatika ikashika. Laini ikiwa safi, kwa kasi ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, picha ya megabaiti moja ilichukua karibu dakika tano kuingia. Mvua ikinyesha na maji yakaingia katika mabomba ya nyaya za simu, hesabu hiyo ilivurugika. Mteja alilipa mara mbili: alimlipa mwenye intaneti kila mwezi, na alililipa shirika la simu kwa kila dakika. Kama alikuwa Kisumu au Nyeri na kampuni yake haikuwa na nambari ya kupigia pale mjini, ililazimu apige Nairobi kwa bei ya simu za mbali. Mwenye busara hakuuliza ada ya mwezi peke yake. Aliuliza nambari ya kupigia iko mji gani, na kampuni ina laini ngapi za kupokelea wateja. Kwani kampuni yenye wateja wengi na laini chache ilimaanisha kwamba jioni, wakati kila mtu ametoka kazini, ukipiga utasikia mlio wa laini yenye shughuli mpaka uchoke.

Swali hilo la pili bado ni hai, ila limebadili nguo. Leo linaitwa kugawana kasi. Kijana wa fulana anaposema megabiti 20, hasemi kwamba hizo ni zako peke yako usiku na mchana. Anasema ndiyo kasi ya juu kabisa utakayoiona, ukigawana njia na majirani ambao hakutajii idadi yao. Ndiyo maana saa nne asubuhi mtandao unakimbia, na saa mbili usiku, mtaa mzima ukitazama mpira, unachechemea. Namna nzuri ya kujua ni kumwendea jirani aliye na kampuni hiyo hiyo, tena usiende asubuhi.

Basi turudi kwenye bomba. Kampuni za intaneti zilikuwa haziruhusiwi kujipelekea mawasiliano ng'ambo zenyewe. Ilikuwa lazima zipitie shirika la simu. Mwaka 1998 KPTC ilizindua mtambo wake wa kitaifa, Jambonet, ili uwe mlango wa kutokea. Mwaka uliofuata KPTC ikagawanywa: Posta ikaenda njia yake, Telkom Kenya ikachukua simu, na Tume ya Mawasiliano, CCK, ikawa msimamizi. Lakini Telkom iliachiwa haki ya peke yake kwa miaka mitano. Serikali ilikuwa ikitafuta mnunuzi wa sehemu ya Telkom, na kampuni yenye haki ya peke yake huuzika kwa bei nzuri zaidi. Ni hoja inayoeleweka. Ila aliyeilipia hoja hiyo ni mteja.

Hebu fikiri jambo hili. Mwaka 1999, mfanyabiashara wa Moi Avenue anamwandikia barua pepe wakili wake wa Kimathi Street. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mfanyabiashara ni mteja wa kampuni moja, wakili ni mteja wa nyingine. Kampuni hizo mbili hazina waya unaoziunganisha hapa Nairobi. Kwa hiyo barua inapanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu ya ikweta, inashuka Marekani au Ulaya, inakabidhiwa kwa njia ya kampuni ya pili, inapanda tena kilomita 36,000, kisha inashuka Nairobi. Safari ya kilomita zaidi ya 140,000 kwa barua ya mtaa wa pili! Hata kwa mwendo wa mwanga hiyo ni nusu sekunde ya kwenda, na jibu likirudi ni sekunde nzima, mbali na foleni za njiani. Na kila hatua ililipiwa kwa dola. Kampuni ya kwanza ililipia barua ilipotoka, ya pili ikalipia ilipoingia, na wote wawili wakaziongeza gharama hizo katika ankara ya mteja.

Mteja aliyekasirishwa na kampuni yake akahamia nyingine hakupata nafuu yoyote. Alibadilisha duka tu.

Wenye kampuni za intaneti walikuwa wameunda chama chao, TESPOK, mwaka 1999. Walikuwa washindani waliokuwa wakinyang'anyana wateja, lakini katika jambo hili walikubaliana: waweke mtambo mmoja Nairobi, kila kampuni ivute waya hadi pale, na barua za Nairobi kwenda Nairobi zikabidhiwe hapo hapo. Waliuita KIXP. Haukuwa mtambo wa ajabu. Ulikuwa, kwa lugha nyepesi, meza ambayo mapostamasta wanakutana na kubadilishana mifuko ya barua. Ulifunguliwa mwishoni mwa Novemba 2000.

Telkom ilipeleka malalamiko kwa Tume. Ilidai kwamba mtambo ule unavunja haki yake ya peke yake. Haikuchukua majuma mawili, Tume ikaamua kwamba KIXP ni kituo cha mawasiliano kisicho na leseni, na ikaamuru kifungwe. Mtambo ukazimwa. Barua ya Moi Avenue kwenda Kimathi Street ikapanda tena angani.

Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anisikilize vizuri. Chama kilijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisheria: sheria iliruhusu kundi la watumiaji linalojihudumia lenyewe, bila kuuza kwa umma, kuwa na mtambo wake. Ya pili ilikuwa ya akili ya kawaida: haki ya Telkom ni ya kupeleka mawasiliano ng'ambo, nasi tunataka haya yasiende ng'ambo kabisa. Mtu anawezaje kudai nauli ya safari ambayo abiria hataki kusafiri? Hata hivyo Telkom nayo iliona mbali kwa upande wake. Sehemu ya fedha zake ilitokana na safari hizo zisizo za lazima, na ilijua kuwa meza ile ikishasimama, hazitarudi tena.

Mabishano yalichukua karibu mwaka mzima. Palikuwa na makala magazetini, vitisho vya kwenda mahakamani, na mazungumzo ya faraghani ambayo aghalabu ndiyo yanayomaliza mambo katika nchi yetu. Novemba 2001 Tume ilitoa leseni, na Februari 2002 KIXP ikafunguliwa tena, ikiwa na kampuni tano tu. Mawasiliano ya Nairobi kwa Nairobi yaliyokuwa yakichukua zaidi ya sekunde nzima kwenda na kurudi yakawa yanachukua sehemu ndogo tu ya sekunde. Leo kampuni kubwa za dunia zinazomiliki video na kurasa tunazozitazama zimeweka mitambo yao Nairobi na Mombasa, kwa sababu pana mahali pa kuichomeka.

Katika mwaka ule mzima wa mabishano, mteja hakuwamo chumbani. Sijui ni wangapi walioandika barua kwa Tume kulalamika. Wengi wetu tulidhani mtandao ni wa polepole kwa sababu ndivyo ulivyo.

Haki ya peke yake ya Telkom ilikwisha mwaka 2004. Kampuni zikaanza kujipatia milango yake ya ng'ambo, na mabango ya mikahawa ya intaneti yakaandikwa shilingi moja kwa dakika. Lakini mlango ulikuwa bado angani. Pwani yetu, iliyounganishwa kwa waya wa baharini mwaka 1879, iliingia karne ya ishirini na moja bila waya wa baharini wa kisasa, ilhali mataifa ya Afrika Magharibi yalikuwa tayari nao tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 2009 ndio uliobadilisha mambo. Mwezi Juni, waya wa TEAMS, ambao serikali ya Kenya iliujenga kwa ushirika na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa kutoka Fujairah. Tarehe 23 Julai, waya wa SEACOM ulianza kazi, ukigusa Mombasa, Dar es Salaam, Maputo na kwingineko. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Wenzetu wa Tanzania huuita waya wa namna hiyo mkongo, na naona neno hilo limekaa vizuri zaidi kuliko letu.

Watu walitarajia bei zianguke siku ya pili yake. Hazikuanguka. Kampuni zilisema zina mikataba ya muda mrefu na wenye setilaiti, na nyingi zikachagua kumwongezea mteja kasi kwa bei ile ile badala ya kumpunguzia bei. Kwa ofisi kubwa hiyo ilikuwa neema. Kwa mwenye duka la picha aliyetaka kulipa kidogo, haikumsaidia sana.

Nami nilijifunza jambo katika miaka hiyo. Kituo kimoja cha redio nilichofanyia kazi kilitia sahihi mkataba na kampuni ambayo sitaitaja, kwa kasi iliyosifiwa sana. Ilikuwa kasi ya kupokea. Kasi ya kutuma ilikuwa imeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na ilikuwa kidogo mno. Sisi watu wa redio kazi yetu ni kutuma sauti. Mwandishi wetu wa Nakuru alikuwa anarekodi mahojiano, anayaweka kwenye diski, na kumkabidhi dereva wa matatu. Matatu ilishinda faili, tena si mara moja. Nawaambia wenye studio, wapiga picha, wachapishaji, na mwalimu anayefundisha kwa video: muulize muuzaji kasi ya kutuma, naye aiandike kwenye mkataba.

Nyaya za baharini nazo zilileta somo lake. Tarehe 25 Februari 2012, meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandari ya Mombasa ilitupa nanga mahali palipokatazwa, na nanga ikaukata waya wa TEAMS. Siku chache nyuma, nyaya nyingine zilikuwa zimekatwa katika Bahari ya Shamu. Kampuni zilizokuwa zimenunua nafasi katika waya mmoja zililia. Zilizokuwa zimenunua katika nyaya mbili au tatu zilichechemea, lakini zilitembea. Tarehe 12 Mei 2024 jambo hilo likajirudia upande wa kusini: EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, kaskazini mwa Durban, na Jumapili hiyo Wakenya, Watanzania na majirani wengine wakaamka bila mtandao au na mtandao wa kukokota. Miezi mitatu kabla yake, Februari, SEACOM na nyaya nyingine zilikuwa zimekatika tena katika Bahari ya Shamu wakati wa mapigano ya huko, kwa hiyo mlango wa kaskazini nao ulikuwa umebana.

Katika siku hizo nilishangazwa na kitu kimoja. Kuna maofisa waliokuwa wamelipia kampuni mbili, wakijisifu kwamba wana akiba, na zote mbili zikazimika kwa pamoja. Kumbe kampuni zote mbili zilikuwa zikipita kwenye nyaya zile zile. Ni bomba lile lile la mwaka 1999, safari hii liko chini ya bahari.

Na kuna nyakati ambapo hata nyaya kumi hazitoshi. Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi wa Uganda, serikali iliamuru intaneti izimwe, na kampuni zote zikazima, kwani zote zinapata leseni mahali pamoja. Ilizimwa kwa siku kadhaa. Hapa kwetu, tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano makubwa dhidi ya Mswada wa Fedha, mtandao ulidorora nchi nzima. Siku moja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano, ndiyo ile Tume ya zamani, ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuzima. Safaricom ilisema nyaya mbili zilikuwa na hitilafu. Msikilizaji ataamua mwenyewe anasadiki nini, lakini aliyekuwa akiuza bidhaa zake mtandaoni siku hiyo alipata hasara bila kujali kampuni yake ni ipi.

Setilaiti nayo imerudi, kwa sura nyingine. Starlink ilianza kuuza huduma hapa Kenya Julai 2023. Setilaiti zake hazikai kilomita 36,000 juu, zinazunguka umbali wa kilomita 550 hivi, kwa hiyo ule ucheleweshaji wa zamani haupo. Kwa mkulima wa Laikipia au shule ya Turkana, ambako waya hautafika kesho wala keshokutwa, hii ni habari kubwa. Kwa mtu wa Nairobi, ngoja kwanza. Novemba 2024 kampuni hiyo iliacha kwa muda kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ilichukua miezi kadhaa kufungua tena. Foleni ya laini ya mwaka 1997 imehamia angani.

La kuchekesha zaidi ni lililotokea Julai 2024. Safaricom iliiandikia Mamlaka barua, ikitaka wenye setilaiti wasipewe leseni za kujitegemea, bali wafanye kazi kwa makubaliano na kampuni za simu zilizoko nchini. Ilitoa sababu za usalama na za kuingiliana kwa mawimbi, na huenda zina uzito wake. Lakini mtu aliyekuwapo mwaka 2000 lazima alitabasamu. Mara hii msimamizi hakufunga mtu. Miezi miwili baadaye Safaricom iliwaongezea wateja wake wa nyumbani kasi bila kupandisha bei, na waliokuwa wakipata megabiti 10 wakapata 15. Hakuna mteja aliyeandamana kudai hilo. Lilikuja kwa sababu palikuwa na mlango wa pili.

Mlango wa pili haupo kila mahali. Kuna majumba ya kupanga mjini ambamo mwenye nyumba ameingia makubaliano na kampuni moja, na nyingine haziruhusiwi kupandisha waya. Mpangaji huambiwa baada ya kuhamia. Aulize kabla ya kulipa amana ya nyumba, kama anavyouliza habari za maji. Na kuna mitaa ambamo kijana wa mtaa amenunua laini moja nene na kuwagawia majirani nyumba hamsini. Wengine wana leseni na wanafanya kazi safi kuliko kampuni kubwa, kwa sababu waya ukikatika wanapanda nguzo usiku huo huo. Wengine hawana leseni, na siku wakihama, ada yako ya mwezi imehama nao.

Basi kijana wa fulana akija kwako, mwache amalize maneno yake ya megabiti. Kisha muulize: kampuni yako inapita katika waya upi wa baharini, na huo ukikatika mnahamia upi? Mwenye biashara aongeze moja: waya wa kuingia kwangu ukikatika mtaani, fundi atafika baada ya saa ngapi, nisipomwona mtanirudishia fedha, na hilo limeandikwa wapi? Anayetaka kampuni ya pili kuwa akiba amuulize swali la waya huyo wa pili pia, na jibu likiwa lile lile, akiba hiyo si akiba. Na siku umeme ulipokatika nchi nzima, tarehe 25 Agosti 2023, waliobaki hewani ni wenye betri, kwa hiyo bei ya betri ndogo ya ruta uiweke katika hesabu tangu mwanzo.

Huenda kijana asijue majibu. Si kosa lake, yeye amepewa vikaratasi tu. Mwombe nambari ya ofisi, upige mwenyewe, na siku hiyo usilipe.